Sabuni ya Unga Haigeuki Dawa ya Bila Kusuuza

Swali ni lile lile, na huja kwa simu, kwa ujumbe, hata nikiwa kwenye foleni ya mafuta: "Mtaalamu, hii dawa ya kuoshea gari bila kusuuza mbona bei yake imechangamka? Nikitia vijiko viwili vya sabuni ya unga kwenye ndoo, nikalifuta gari na kulikausha, si ni yale yale?"

Si yale yale. Muda mrefu nimelijibu swali hili kwa sentensi mbili na tabasamu, na muulizaji ameondoka akafanye alichokuwa ameshaamua kufanya. Leo nalijibu kwa kirefu.

Sina ugomvi na mtu anayebana maji. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgao wa maji ukaingia Dar es Salaam, wengi wetu tuliona kwa macho kwamba kuosha gari kwa mpira ni anasa. Mpira wa kawaida wa nyumbani hutoa lita 10 hadi 20 kwa dakika. Uache wazi dakika kumi, umemwaga maji ya familia. Cape Town mwaka 2018 walifika mahali kila mkazi akapangiwa lita 50 kwa siku, na kuosha gari kwa maji ya bomba yanayonyweka kukapigwa marufuku. Gari zima kuoshwa kwa ndoo moja ya lita 10 ni jambo la maana sana, na mimi ni mmoja wa wanaoitetea njia hiyo. Ninachokigombea ni mtu kuchukua nusu yake, yaani ndoo moja na kutosuuza, akaitupa nusu inayoifanya iwe salama. Rangi ikishaharibika anatangaza mtaa mzima kwamba dawa hizi ni utapeli, ilhali hajawahi kuishika hata chupa yake.

Tuanze na kinachoharibika. Juu ya rangi ya gari lako kuna kliya, tabaka angavu linalobeba mng'ao na kuikinga rangi na jua. Kwa magari mengi unene wake ni mikroni 35 hadi 50. Unywele wa binadamu una takriban mikroni 70. Hiyo ndiyo akiba yako yote hadi gari litakapouzwa. Fundi akipiga polishi ya kuondoa mikwaruzo anakula mikroni mbili hadi tano kila mara, na hakuna polishi duniani inayorudisha hata moja. Kwa upande mwingine, mchanga wa pwani yetu kwa sehemu kubwa ni kwatzi, ambayo ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs ni 7. Kioo cha dirisha kina kama 5.5. Kliya ni plastiki. Chembe moja ya mchanga ikibanwa kati ya kitambaa na kliya, kisha mkono ukaivuta, kitakachokwanguka kinajulikana.

Kwa hiyo kazi nzima ya kuosha gari ni kuiondoa ile chembe bila kuiburuza. Ukilishika hilo, maswali mengi yanajijibu.

Dawa ya kweli ya bila kusuuza huifanya kazi hiyo kwa polima. Polima hizo huizingira chembe ya vumbi, huilegeza pale iliponatia, na huacha kati yake na kliya utando mwembamba wa maji yenye utelezi mkubwa. Kitambaa kikipita, chembe huinuka na kuzama ndani ya nyuzi badala ya kukokotwa juu ya rangi. Tena dozi yake ni ndogo mno. Optimum No Rinse, ya kampuni ya Kimarekani iliyoanzishwa na mkemia wa polima David Ghodoussi, ambayo imechangia sana kuieneza njia hii, huchanganywa sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 256 za maji. Kwenye ndoo ya lita 10 ni mililita 39. Haitoi povu la kujivunia, na hilo limekusudiwa, kwa kuwa povu lazima lisuuzwe. Maji yakishakauka, kinachobaki juu ya bodi ni kidogo sana, na hicho kidogo ni laini.

Sasa chukua pakiti ya sabuni ya unga uisome nyuma. Imetengenezwa kufulia nguo ndani ya maji mengi, kisha nguo hizo zisuuzwe mara mbili au tatu. Ina sodiamu kaboneti, jamaa ya magadi, ili maji yawe na ukali wa kung'oa mafuta. Ina sodiamu salfeti, ambayo kazi yake kubwa ni kuongeza ujazo wa unga. Baadhi zina zeolaiti, vichembe vya madini vya kulainisha maji magumu, na hivyo haviyeyuki kamwe hata ukoroge hadi jioni. Zina vimeng'enya vya kulegeza madoa ya jasho na chakula. Zina ving'arisho, kemikali zinazokusudiwa kubaki kwenye kitambaa baada ya kufua ili shati jeupe lionekane jeupe zaidi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye shughuli yoyote kwenye boneti.

Hapo ndipo mtu huniambia: "Mimi nimeoshea sabuni ya unga miaka yote na rangi haijababuka." Naamini. Kliya ya kiwandani huvumilia alkali, na mashine nyingi za kuoshea magari huko duniani hutumia dawa zenye alkali kali kuliko sabuni yako ya kufulia. Anayekutisha kwamba unga utaila rangi kama tindikali ya betri naye anakupotosha. Ila mashine zile humwaga maji mengi ya kusuuza dakika chache baadaye, na wewe umeniambia kwamba husuuzi. Yote yaliyokuwemo kwenye ndoo, yaani magadi, salfeti, ving'arisho na tope la gari lenyewe, umeyapaka upya juu ya kliya, ukayaacha yakauke kwenye jua la saa saba. Nta uliyolipia mwezi uliopita imelegezwa na kuondoka. Plastiki nyeusi za pembeni zinaanza kuwa na ukungu mweupe usiotoka. Mpira wa kuzunguka dirisha unabaki na mstari wa chokaa. Mvua ya kwanza ikinyesha, mabaki hayo yanayeyuka tena na kuteremka kwa michirizi kwenye milango, nawe unalalamika kwamba mvua ya siku hizi ni chafu.

Na hayo yote ni madogo. Kubwa ni utelezi. Maji ya sabuni ya unga huyahisi yanateleza mkononi kwa sababu alkali inafanya kazi kwenye mafuta ya ngozi yako. Kliya haina mafuta ya ngozi. Juu ya kliya maji hayo yana utelezi hafifu, na kitambaa kikishabeba vumbi, huo hafifu nao unaisha. Ukiwa na mpira wa maji mkononi, maji yenyewe hubeba sehemu kubwa ya mchanga kabla hujagusa. Bila mpira huna kingine kinachokulinda ila ule utando wa utelezi, na huo ndio ambao unga hauna.

Usiniamini kwa maneno. Tia kijiko cha sabuni ya unga kwenye bilauri ya kioo, jaza maji ya baridi, koroga vizuri, kisha iache usiku kucha mahali isipoguswa. Asubuhi inamisha bilauri taratibu uangalie kitako chake: kwa pakiti nyingi utaona utando mweupe umetulia pale. Chovya kidole kwenye utando huo usugue na kidole gumba, uhisi ule ukwaru. Halafu chukua tone la maji ya juu, yale yanayoonekana safi, uliweke kwenye sahani nyeusi na kuianika juani. Likikauka litaacha duara jeupe lenye ukingo mnene. Sasa hesabu ni matone mangapi yanalitosha paa la gari aina ya Noah.

Imani inayoulisha ujinga huu wote ni povu. Tumelelewa tukiamini kwamba povu ndilo linalosafisha, na wenye biashara ya kuosha magari wanalijua hilo. Mteja asipoona gari limefunikwa jeupe kama mwanaharusi anahisi ameibiwa. Povu ni hewa iliyofungwa ndani ya maji na sabuni. Lina faida moja ya kweli: likipulizwa zito juu ya gari chafu hukawia kuteremka, na kadiri linavyokawia ndivyo linavyolowesha uchafu. Faida hiyo inahitaji maji ya kulisuuza baadaye. Kwenye ndoo ya bila kusuuza povu halina kazi. Mtu anayeikoroga dawa akaona povu halikuja, akaongeza kofia tatu zaidi, amejinunulia michirizi kwenye vioo na kazi ya kupangusa mara mbili.

Wengine wakishaukimbia unga hukimbilia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kwa hoja kwamba haiumizi mikono ya mama basi haitaumiza gari. Waulize wajasiriamali wanaoitengeneza mtaani wanatia nini: salfoniki, slesi, soda, na chumvi ya kuifanya iwe nzito. Chumvi. Hata sabuni nyingi za viwandani huongezwa uzito kwa chumvi hiyo hiyo. Sahani inasuuzwa, chumvi inakwenda zake na maji. Gari lisiposuuzwa chumvi hiyo hujikusanya kwenye kingo za milango, chini ya raba na kwenye mikunjo ya buti, ndiko kutu inakoanzia katika mji wa pwani ambao tayari hewa yake ina chumvi. Na wale wa dizeli au mafuta ya taa kwenye kitambaa "ili gari ling'ae" nitawajibu kwa kifupi, maana hawastahili zaidi: mng'ao huo ni mafuta, mafuta yanashika vumbi ndani ya saa chache, na raba za milango zinazoloweshwa nayo huvimba na kulegea. Acheni.

Sasa tulitazame tambara. Karibu kila ua wa Dar es Salaam una kijana au mlinzi mwema anayeamka alfajiri, akachukua fulana kuukuu na kindoo cha maji, akalifuta gari la bosi kabla hajatoka kwenda kazini. Anafanya kwa heshima na mapenzi. Fulana ile imeanguka chini mara nyingi, imefuta rimu jana, na leo inaanza na boneti. Maji ya kindoo yana rangi ya chai kabla hajafika mlango wa pili. Kila asubuhi vumbi la usiku linasagwa kwenye kliya, siku sita kwa wiki. Simlaumu kijana huyo hata kidogo. Tambara alipewa na mwenye gari, na hakuna aliyemwambia lolote zaidi ya "hakikisha linang'aa".

Matokeo yake utayaona usiku ukiwasha tochi ya simu karibu na boneti, hasa kwa gari jeusi. Rangi nyeusi ya Toyota yenye msimbo 202 inajulikana kwa mafundi wa polishi kwa ulaini wake. Hiyo hata ukiipangusa kwa kanzu ya hariri itakuonyesha ulipopita. Utaona mikwaruzo myembamba imeizunguka nuru kwa duara. Watu husema, "Kijana alizungusha mkono, angefuta kwa kunyoosha." Sivyo. Mikwaruzo ile imekwenda kila upande. Nuru inaonyesha tu ile iliyokaa kukingama nayo, ndiyo maana duara linakufuata kila unapoisogeza tochi. Kufuta kwa mstari ulionyooka kunasaidia mikwaruzo isionekane sana. Hakuizuii isitokee. Kinachozuia ni kutoburuza mchanga.

Hapa lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu wauzaji nao wana maneno mengi. Dawa ya bila kusuuza haina muujiza. Kila unapoligusa gari unahatarisha kliya kwa kiasi fulani. Dawa nzuri na mkono mzuri hupunguza hatari hiyo ikawa ndogo sana, haiifuti. Gari lililotoka shamba na tope limekauka kwenye milango haliguswi kwa njia hii. Gari lililopita kwenye barabara ya changarawe ya udongo mwekundu, udongo ukaligandia, haliguswi. Gari lililoegeshwa ufukweni siku ya upepo, mchanga ukalala kwenye paa, haliguswi. Hayo yapeleke kwanza kwenye maji ya presha, yamwagiwe bila kuguswa hadi uchafu mzito uanguke, ndipo ndoo yako iingie kazini. Wala dawa hii haioshi chini ya gari. Anayeendesha kila siku kando ya bahari anahitaji maji matamu ya kutosha chini ya chasisi mara kwa mara, na hakuna chupa itakayomsamehe hilo. Na kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, usiyatie kwenye ndoo. Tumia ya bomba au ya mvua. Polima hazigeuzi maji ya chumvi kuwa matamu.

Haya, njia yenyewe. Gari kivulini, boneti imepoa kiasi cha kuwekewa kiganja. Lita 10 za maji, mililita 39 za dawa kama uwiano wake ni huo, na kama chupa yako inasema vingine fuata chupa. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa macho. Tumbukiza vitambaa vinane hadi kumi vya maikrofaiba humo humo. Mchanganyiko huo huo utie kwenye chupa ya kupulizia. Puliza paneli moja hadi ilowe, subiri dakika moja au mbili. Kusubiri ndiko kunakolainisha uchafu, na ndiko ambako kila mtu hukuruka. Toa kitambaa kinachochuruzika, kikunje mara mbili upate pande nane, kilaze bila kukikandamiza, kivute mara moja kwa mstari, geuza upande, endelea. Pande zikiisha kitambaa kinakwenda kwenye beseni la vichafu na hakirudi ndooni kwa hali yoyote. Paa kwanza, vioo, boneti, nusu ya juu ya milango, nusu ya chini, bampa mwisho. Rimu zina vitambaa vyake ambavyo havigusi bodi milele. Kausha kila paneli kwa maikrofaiba kubwa kavu kabla hujahamia nyingine, la sivyo maji yataacha madoa. Kinyesi cha kunguru usikisugue: kifunike kwa kitambaa kilicholowa dawa dakika kadhaa, kisha kiinue taratibu. Kitambaa kilichoanguka chini kimestaafu, hata kama kilikuwa kipya. Vifue peke yake, mbali na taulo za pamba, bila kilainisha nguo, kwa kuwa kilainisha hufunika nyuzi na maikrofaiba ikaacha kunywa maji. Aliyewekesha kinga ya seramiki afanye hivyo hivyo; seramiki nayo inakwaruzika.

Hutaki kununua dawa? Zipo njia mbili nyingine za halali. Ya kwanza ni ndoo mbili na shampuu ya gari, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, kisha maji ya kumwagia juu. Ya pili ni kumwagia gari maji matupu na kulikausha kwa kitambaa safi, ukikubali kwamba halitatakata sana. Zile dawa za kupuliza na kufuta papo hapo bila ndoo ziachie gari lenye vumbi jepesi la kuegeshwa, na hata hapo puliza kwa ukarimu.

Na bei, kwa kuwa ndiko tulikoanzia. Chupa ya mililita 946 ya dawa ya 1 kwa 256, kwa ndoo ya lita 10, inatosha kuosha gari mara 24. Gawanya bei uliyoambiwa dukani kwa 24, kisha ulinganishe na unacholipa kila Jumamosi kituo cha kuoshea magari. Wengi wanaolalamikia bei hawajawahi kuifanya hesabu hiyo. Fedha ya kweli iko kwenye vitambaa: ukinunua chupa ukaendelea na fulana kuukuu, heri usingenunua chupa.

Kabla hujaagiza dawa yoyote, mpe kijana wa nyumbani vitambaa vyake vya maikrofaiba, mweleze kwa nini, na mwambie kwamba siku asizokuwa na maji safi au muda wa kutosha asiliguse gari kabisa. Vumbi lililolala halikwaruzi kliya. Linakwaruza likisuguliwa.